Kwaya Iliyotwanga Mawe

Emérence alikuwa mwoga, na hakujisumbua kulificha jambo hilo. Aliogopa radi, aliogopa mbwa, aliogopa maji ya ziwa yakimpita magoti. Katika miaka yote aliyofundisha jiografia na kemia kwenye shule moja ya sekondari hapa Bukavu, aliogopa hata mkaguzi, mzee wa watu aliyekuja mara moja kwa mwaka kusinzia nyuma ya darasa. Kwa hiyo vita vilipofika, vya kwanza na vya pili, vilimkuta mwenzetu amekwisha fanya mazoezi ya kutosha. Tofauti ni kwamba safari hii alikuwa na haki ya kuogopa, na mji mzima ulikuwa pamoja naye.

Mumewe, Gérard, alikwenda Kinshasa kwa kazi za ofisi kabla tu ya nchi kukatika vipande viwili mwaka wa tisini na nane. Akabaki upande wa serikali, mkewe akabaki upande wa waasi, na katikati yao hapakupita mtu wala habari. Nyumba yao ilikuwa Nyamugo, kule Kadutu, mahali ambapo nyumba zimepandana mteremkoni hadi bati la jirani wa chini linakuwa sawa na kizingiti chako. Ndani alibaki Emérence pamoja na wifi yake Priscille, dada mdogo wa Gérard, msichana aliyeacha masomo njiani kwa sababu chuo chenyewe kilikuwa kikifungwa leo na kufunguliwa kesho. Siku ya kuondoka, Gérard alimwambia mkewe maneno machache tu.

"Priscille uko naye. Umuchunge muzuri."

Emérence alimchunga. Alimkataza kupita karibu na vizuizi vya askari, akamkataza kwenda sokoni peke yake, akamkataza kuvaa hereni. Priscille alicheka na kumwita gendarme, yaani askari. Kisha akajifungia chumbani na kuimba, kwa maana alikuwa na sauti ambayo majirani wa chini na wa juu waliikatia mazungumzo yao ili waisikilize. Pumzi yake ilikuwa ndefu. Angeweza kuushika ubeti mzima bila kukata, na wakati wengine wa kwaya wanameza hewa yeye bado anaendelea.

Serikali hakuna, mshahara hakuna, na wazazi waliokuwa wakichangia walimu walikuwa wenyewe wanakula mara moja kwa siku. Ndipo akaja Akilimali, mfanyabiashara wa maharage, mtu mpole mwenye kofia ambayo aliivua kila alipoingia nyumba ya watu. Alikuja na gunia moja, akalimimina sebuleni. Juu yalikuwa maharage, chini yalikuwa mawe.

"Yametoka mu chimo, kule ngambo ya Kamituga," alisema. "Dhahabu iko ndani. Ukiibeba dhahabu, kila barrière batakunyanganya. Lakini majiwe, nani atanyanganya mutu majiwe? Minatafuta bamama ba kuyatwanga, bamama ba kunyamaza. Na wewe, Madame, uko mutu wa kanisa."

Emérence aliokota jiwe moja, akalipeleka dirishani. Lilikuwa jeupe, lina weupe wa maziwa yaliyoganda, na pembeni limeng'aa kama kipande cha chupa. Uso wake ulifunguka. Kwa muda alisahau vita, njaa na Gérard.

"Quartz," alimwambia Priscille. "Hii ni silice tupu." Akaanza somo pale pale, kwani mwalimu ukimnyima darasa atafundisha viti. Silice, alisema, iko kila mahali tunapokanyaga. Iko kwenye mchanga unaochotwa Ruzizi kule Mumosho kujengea, iko kwenye granit, iko kwenye udongo wa matofali, iko kwenye saruji ya ukuta huu. Chupa ya bia ni mchanga ulioyeyushwa motoni. Lakini ndani ya hili jiwe jeupe imejipanga vizuri, safu kwa safu, ndiyo maana ni gumu namna hii. Maji hayaiyeyushi. Haiozi. Wanafunzi wake walikuwa wakipiga makofi alipokwaruza kioo kwa kipande cha quartz. Priscille naye alipiga makofi, ya kumtania.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi kueleza na nzito kufanya. Kinu kilikuwa kipande cha bomba nene la chuma kilichozibwa chini, mchi nao wa chuma. Unaponda jiwe, unalitwanga mpaka liwe unga, unachekecha unga kwa soksi ndefu ya nailoni, unaobaki juu unaurudisha kinuni. Kule migodini wanawake wa kazi hiyo huitwa twangaises, neno la Kiswahili lililovalishwa mkia wa Kifaransa. Unga ulitakiwa uwe mkavu, maana ukiloa haupiti kwenye soksi. Akilimali aliuchukua, akaenda kuuosha mahali anapopajua mwenyewe, na nyuma aliacha maharage, unga wa muhogo, na mara moja moja mafuta.

Kikwazo kilikuwa sauti. Mtu wa Bukavu akisikia mtwango wa sombe, majani ya muhogo, anaujua, akisikia mtwango wa chuma juu ya jiwe anaujua pia. Akilimali aliwakalisha wanawake wote, akaongea nao kwa sauti ya chini. Walikuwa Emérence, Priscille, jirani yao Marcelline ambaye ni mjane mwenye watoto, na mama wengine wawili wa kanisani.

"Basoda bakisikia, tumekufa sisi bote," alisema. "Nyumba batachoma. Na mbele ya kuchoma, munajua kitu batawafanya."

Walijua. Kila mtu mjini alijua kwamba askari wakiingia nyumba ya wanawake hawaishii kwenye magunia. Emérence usiku ule hakulala, na kesho yake alitaka kukataa. Lakini chungu kilikuwa kitupu, na Priscille alikuwa amekwisha pata dawa ya ile sauti.

"Yaya, tutafanya groupe ya sala," alisema, kwa maana Emérence alimwita hivyo, dada mkubwa. "Tutaimba kwa nguvu, na ngoma juu. Hakuna soda anaingiaka fasi batu banaomba."

Hivyo ndivyo kwaya ilivyozaliwa. Kila Jumanne na Ijumaa, shule ikishafunga, walikutana sebuleni kwa Emérence. Godoro lilisimamishwa dirishani, vitenge vikasokotwa na kushindiliwa chini ya mlango, tundu la ukutani likazibwa kwa magazeti. Mama mmoja alipiga ngoma, Priscille akaanzisha wimbo, na michi ikashuka kwa pamoja juu ya pigo la ngoma, ili sauti ya chuma imezwe na sauti ya sifa. Waliimba kwa midomo wazi na vifua vimejaa. Siku wimbo ulipolegea, Emérence alisikia michi ikibaki uchi, akapiga kelele: "Muimbe, muimbe!" Hakuna kwaya Bukavu iliyoimba kwa bidii kama ile, na sababu haikuwa mbinguni.

Vumbi lilijaa. Palikuwa na bati moja la kupitisha mwanga kwenye paa, na katika mwanga ule waliona vumbi limesimama, halipandi wala halishuki. Walitoka na kope nyeupe, nyusi nyeupe, wakachekana kwamba wamezeeka. Marcelline alijifunga kitambaa puani siku za kwanza, akakiacha kwa kuwa huwezi kuimba ukiwa umefungwa mdomo. Emérence, aliyeogopa kila kitu chini ya jua, vumbi hakuliogopa. Halikunuka, halikuwasha, halikuwa na bunduki. Vumbi ni vumbi, alijisemea, utaoga litatoka.

Na kwa lile lililoingia kooni walikuwa na maziwa. Ni imani ya watu wa machimbo, nayo ilikuja mjini pamoja na mawe: ukinywa maziwa baada ya kazi, kifua kinaoshwa. Ng'ombe wengi wa vijijini walikuwa wamekwisha liwa na vita, kwa hiyo maziwa yalikuwa ya kutafutwa kwa mbinu. Emérence aliyatafuta, akayachemsha, akayagawa mwenyewe kikombe kwa kikombe. Kikombe kikubwa kilikuwa cha Priscille, kwa sababu ndiye aliyeimba zaidi.

Alasiri moja buti zilisimama nje ya mlango. Walizisikia kati ya beti mbili, changarawe zikilia, mtu akikohoa, chuma kikigonga chuma. Michi ilikwama hewani. Emérence aliushusha mchi wake taratibu sakafuni. Alitazama kinu, akatazama gunia, akaona hakuna pa kuvificha. Ni Priscille aliyewaokoa. Alifumba macho, akavuta hewa ya chumba kile kwa kifua chote, akapandisha wimbo juu kuliko siku zote, peke yake, beti baada ya beti, mpaka buti zikaondoka. Alipomaliza alikohoa hadi machozi yakamtoka. Wote walimkumbatia. Kuanzia siku hiyo waliziba hata upenyo wa juu ya mlango.

Ulipita mwaka na zaidi. Kwanza Priscille alianza kukata ubeti katikati. Alisema ni mafua. Kisha ngazi za udongo za Nyamugo, ambazo alizoea kuzipanda akiwa na ndoo kichwani na mzaha mdomoni, zikaanza kumsimamisha mara kwa mara, mkono kiunoni, kama anayetazama mandhari ya ziwa. Hakuwa anatazama ziwa. Blauzi zake zikawa kubwa. Usiku homa ndogo, asubuhi kikohozi kikavu kisichotoa kitu. Emérence alilala sakafuni karibu na kitanda chake, akisikiliza kila pumzi inavyoingia, na hofu iliyomshika pale ilikuwa mpya, haikufanana na ya radi wala ya askari. Gérard angeuliza. Siku moja nchi itaungana, mlango utafunguliwa, naye atauliza dada yake yuko wapi.

Alimpeleka hospitali. Daktari Philémon alikuwa mtu wa makamo, mwenye kuongea taratibu, ambaye ujanani alifanya kazi kwenye hospitali ya kampuni moja ya migodi, kusini mwa nchi. Aliishika picha ya kifua cha Priscille juu ya mwanga wa dirisha, akaitazama kwa muda mrefu kuliko alivyopenda Emérence. Mapafu yote mawili yalikuwa yamejaa madoa madogo madogo, kama ugali uliosongwa vibaya.

"Huyu alifanya kazi mu mine?" aliuliza.

"Apana, Docteur. Ni choriste, anaimbaka mu kwaya."

"Munakaa karibu na fasi banavunja majiwe?"

Mlango wa chumba ulikuwa wazi nusu. Kwenye benchi la nje alikaa askari mwenye bandeji mguuni, bunduki imelala mapajani, macho yake hayana pa kwenda ila ndani ya kile chumba. Emérence aliisikia sauti ya Akilimali masikioni: tumekufa sisi bote.

"Apana," alisema. "Kwetu hakuna majiwe."

Priscille alimtazama, kisha akainamisha kichwa. Daktari naye alimtazama. Vipimo vya makohozi machache yaliyopatikana havikuonyesha mdudu wa kifua kikuu, alieleza, lakini kwa kuwa hana jina jingine la kuweka, ataanza dawa za kifua kikuu na kusubiri. Walirudi nyumbani na vidonge. Emérence alihesabu kwamba amefanya vizuri, amewaokoa wanawake wote watano, na moyo wake ukakataa kukubali.

Vidonge havikusaidia. Na Bukavu, mtu akikonda na kukohoa bila jibu, jibu huwa tayari linasubiri mtaani: karuho. Ni sumu ambayo watu wa huku wanaiogopa kuliko risasi, na wanasema hutiwa kwenye kinywaji na mkono unaoujua. Marcelline ndiye aliyeleta mganga wa kuitapisha. Priscille alitapika siku nzima nyongo ya kijani, akabaki amelala kama nguo iliyoanguka kambani. Mganga alisema sumu ni ya zamani, imekwisha kaa. Ilipitia kwenye kitu cheupe, alisema.

Wanawake wote walijua nani aligawa kitu cheupe.

Hawakusema kwa mdomo, mwanzoni. Walikuja kazini, wakatwanga, wakaimba kwa sauti nyembamba bila Priscille, na vikombe vyao vya maziwa wakaviacha mezani vimejaa. Kisha kwenye bomba la maji watu wakaanza kumpisha Emérence kwenye foleni bila kumsalimia. Wiki zile zile, mtaa wa pili, mama mmoja aliyesingiziwa karuho alitolewa nyumbani kwake na vijana wenye mawe na petroli. Emérence aliuona moshi kutoka mlangoni kwake. Alifunga mlango na kuuegemea kwa mgongo, akijua kwamba ni neno moja tu la Marcelline linalosimama kati yake na vijana wale.

Lakini neno lililomvunja halikutoka kwa Marcelline. Alikuwa anampa Priscille uji, kijiko kwa kijiko, na msichana akafunga mdomo. Akamtazama kwa macho yaliyokuwa makubwa mno kwa uso ule.

"Yaya," alisema, akivuta hewa kati ya neno na neno. "Uniambie tu. Ulinitilia kitu?"

Emérence aliweka bakuli chini. Alitoka uani, akalia huku ameuma kanga yake ili majirani wasisikie. Asubuhi iliyofuata alikwenda hospitali peke yake. Benchi la nje lilikuwa na askari wengine, wengi kuliko siku ile. Alipita mbele yao bila kuwatazama, akaingia, akaufunga mlango nyuma yake bila kuomba ruhusa.

"Docteur, niliwadanganya. Tunatwangaka majiwe. Kwangu, mu salon. Tunafungaka madirisha yote juu basoda basisikie."

Daktari Philémon alikaa. "Majiwe ya namna gani?"

"Quartz."

"Unajua jina yake?"

"Niko prof wa chimie," alisema Emérence, na aibu ilimpanda hadi kwenye masikio.

Daktari hakumgombeza, na pengine ingekuwa afadhali angemgombeza. Alimweleza polepole, kwa Kiswahili na Kifaransa vilivyochanganyika. Vumbi unaloliona, alisema, hilo pua na koo hulitoa. Linaloua ni lile usiloliona, dogo kiasi kwamba huelea chumbani saa nyingi baada ya michi kunyamaza, na kitambaa cha puani hulipitisha tu. Huingia mpaka mwisho wa pafu, pale pumzi inapoingia kwenye damu. Mwili hutuma walinzi wake kulimeza, na walinzi hufa, kwa kuwa silice haiyeyuki. Palipofia walinzi huota kovu. Kovu juu ya kovu, mpaka pafu linakuwa gumu na haliwezi kupanuka. Watu wa migodini hupata hivi baada ya miaka mingi ya kazi. Kwenye chumba kilichofungwa, unga mkavu, mwaka mmoja na kitu unatosha.

Haiyeyuki. Haiozi. Emérence aliyasikia maneno yake mwenyewe ya darasani, yale ya kupigiwa makofi. Miaka yote aliyafundisha kama sifa za jiwe, na hata siku moja hakujiuliza jiwe lisiloyeyuka litafanya nini ndani ya mtu.

"Maziwa?" aliuliza.

"Maziwa inaenda mu tumbo, Madame. Haifike mu mapafu."

"Na juu ya nini yeye zaidi? Sisi bote tulikuwa pamoja."

"Muliniambia ni choriste. Mutu wa kuimba anavuta pumzi namna gani?" Daktari alijaza kifua chake kwa hewa ili amwonyeshe, taratibu, mpaka chini kabisa.

Dawa haipo, alisema. Kilichoharibika hakirudi. Kinachowezekana ni kutoongeza: Priscille asivute tena hata chembe ya vumbi lile, apate hewa safi, akingwe na homa, na huenda akakaa nao muda. Wengine nao waache. Kama njaa haiwaruhusu kuacha, basi wafanye nje, penye upepo, na jiwe liwe limelowa maji muda wote. "Na wewe mwenyewe utarudi tupige picha," alimaliza. Emérence aliweka mkono kifuani. Aligundua kwamba kwa majuma kadhaa sasa na yeye amekuwa akisimama katikati ya ngazi.

Aliyasema yote sebuleni Ijumaa ile, kabla ya michi kuinuliwa, huku mlango wa Priscille uko wazi ili naye asikie kwamba hakutiliwa kitu na mtu. Mama wawili walilia. Marcelline hakulia.

"Hii mavumbi itaniua hii mwezi?" aliuliza.

"Si hii mwezi."

"Basoda bataniua leo. Njaa itaua batoto bangu hii wiki. Sasa unataka niogope mavumbi? Mavumbi ipange ligne, ingoje."

Akilimali alipoambiwa alivua kofia yake, akaikunjakunja. Alisikitika kwa Priscille, alisikitika sana, lakini dirisha likifunguliwa yeye hayumo tena, na askari wakija, wanawake wasije wakamtaja. Askari wa siku hizi, alisema, si wa kuchezea. Alisema hivyo akitazama sakafu.

Jumanne iliyofuata Emérence alifanya jambo la pekee la ujasiri katika maisha yake. Aliliondoa godoro dirishani. Alifungua dirisha la sebule na dirisha la chumba cha Priscille, linalotazama uani. Akakiviringisha kinu nje, mbele ya nyumba, juani, akakijaza mawe, akayamwagia maji ya ndoo. Kisha akainua mchi.

Pigo la kwanza lilisikika hadi ng'ambo ya bonde, au alidhani hivyo. Kuku walikimbia. Bati la jirani wa chini lilirudisha mwangwi. Alipiga la pili. Mkojo ulimbana, macho yalimwona kila mtu njiani kama mwenye bunduki, na bado mkono ulishuka. Unga ulioloa ulibaki chini ya kinu, mzito, bila moshi wowote. Marcelline alitoka mbio nyumbani kwake, kichwa wazi.

"Uko mwendawazimu! Utatuuwisha!" Alishika mchi, Emérence akakataa kuuachia, wakavutana wanawake wawili juu ya kinu katikati ya uwanja, na ndivyo askari walivyowakuta.

Walikuwa wawili. Mmoja kijana, mwingine mtu mzima mwenye ndevu chache na bunduki iliyoning'inia begani kama mkoba wa mwanafunzi. Marcelline aliachia mchi na kupiga magoti. Emérence alibaki amesimama, kwa kuwa miguu haikukumbuka jinsi ya kukunjika. Alifikiria dirisha lililo wazi nyuma yake na msichana asiyeweza kukimbia.

Yule mwenye ndevu alikitazama kinu, akayatazama maji.

"Ah, leo munatwangia inje," alisema. "Ni muzuri."

Marcelline aliinua uso polepole.

"Mulikuwa munajua?" aliuliza.

"Kujua nini? Majiwe ya Akilimali?" Askari alicheka, kicheko cha kawaida cha mtu anayesimuliwa jambo la jana. "Maman, tangu mwanzo. Yeye na mukubwa wetu balisikilizana zamani. Kila wiki anatuleteaka fungu yetu. Tunapitaka hapa kuchunga, mutu mwengine asiwaibie." Alijikuna shingo. "Sasa ile kufunga madirisha yote, sisi tulikuwa tunajiulizaka tu: bale bamama, banapumua namna gani mule ndani?"

Aliomba maji ya kunywa. Emérence alimchotea kopo ndooni. Walikunywa, wakashukuru, wakateremka kuelekea soko la Kadutu, na buti zao kwenye changarawe zilikuwa na sauti ile ile ya siku zote. Marcelline alibaki magotini, mikono imelala chini, akirudia jina la Akilimali bila hata kumtukana. Hofu yao ilikuwa mlinzi wake asiyelipwa: mwanamke anayeogopa kufungua dirisha hatatoka na chembe ya dhahabu kwenye upindo wa kitenge. Emérence aliielewa hesabu hiyo yote pale pale, na alihisi hasira ikimpanda kutoka tumboni, hasira kubwa kuliko kifua chake kilivyoweza kubeba, ikamfanya akohoe.

Aliingia ndani. Priscille alikuwa ameketi kitandani, mgongo ukutani, mabega yakipanda na kushuka kutafuta hewa. Kule nyuma alikuwa amesikia buti tu. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi kwa woga.

"Beko nani, Yaya?"

"Basoda."

"Banataka nini?"

Emérence alikaa kando yake. Alifungua kinywa kumwambia, akaona ile shingo nyembamba inavyovuta, akaona beti zote zile za alasiri ya buti, na akajua kwamba jambo hili hatamwambia kamwe.

"Hakuna kitu," alisema. "Bamepita tu."

Priscille alimshika mkono kwa vidole vya baridi. "Basi funga dirisha, Yaya," alinong'ona. "Batatusikia."